Mwongozo wa Mnywaji Mwenye Sukari: Toleo la Lubondja

Pongezi, muzee. Umerudi kutoka Baraka na karatasi inayosema glisemi, yaani sukari ya damu, 280, mfuko wa vidonge, na mawaidha marefu ya muganga ambayo yalikutoka kichwani kabla pikipiki haijamaliza mlima, isipokuwa neno moja: punguza pombe. Hakusema acha. Alisema punguza. Sheria ikiwa na ufa wa namna hiyo, mtu mwenye akili zake haulizi ufa umefikaje hapo, anapenya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayepenya, na kwa ajili ya mama watoto atakayekupokea upande wa pili.

Anza kwa kuukataa ugonjwa wenyewe. Wajuzi wa buveti watakusaidia. Watakwambia sukari ni ya wabunge, ni ya mapadri wenye vitambi, ni ya wafanyabiashara waliookota dhahabu Misisi wakahamia kwenye nyama na sukré. Wewe unalima mihogo, unapanda mlima kila siku, mbavu zako zinahesabika ukivua shati. Sukari ingekaa wapi? Kwa hiyo karatasi imekosea, na karatasi iliyokosea hutibiwa kwa chupa mbili.

Hoja hiyo ingekuwa nzuri kama wembamba ungekuwa kinga. Mwaka 1955 daktari aliyekuwa Jamaica alieleza kisukari cha watu wembamba, waliokua kwa njaa, kisichofanana na kile cha wenye vitambi. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likakipa fungu lake, kisukari cha utapiamlo. 1999 likalifuta fungu hilo. Na Aprili 2025, kwenye mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakirudisha mezani kwa jina la aina ya tano. Wakubwa wamebishana miaka sabini juu ya jina. Mwenye mbavu alikuwa anaumwa muda wote huo. Mwaka 2021 Shirikisho hilohilo lilikadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Wewe una karatasi. Uko mbele ya wenzako, hata kama hukuomba nafasi hiyo.

Ukishindwa kuukataa ugonjwa, tafuta daktari wa pili. Hawakosekani. Wamekaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi, hawadai faranga ya fishi, wala hawakuchomi kidole. Watakutazama usoni na kukuandikia: Primus ni tamu, iache. Sukré usiiguse. Kasiksi imetoka kwenye ndizi, na ndizi ni sukari tupu. Lakini rutuku! Rutuku ni kali, inachoma koo mpaka machozi yanatoka, na kitu kinachochoma koo namna hiyo kitashindwaje kuichoma sukari?

Nimesikia mahubiri yenye mantiki dhaifu kuliko hiyo. Tena nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoua. Pombe ya kukeneka haina sukari, na mwenye kisukari akiinywa, sukari ya damu huweza kushuka kwelikweli. Ila daktari wa benchi haulizwi maswali mawili: inashuka mpaka wapi, na inashuka saa ngapi.

Ngoja tuingie ndani ya mwili kidogo, maana hapa ndipo penye mambo. Ini ni mtunza ghala. Usiku umelala, tumbo tupu, ini hufungua mlango na kutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usizimike. Akiba ikipungua, hutengeneza sukari mpya. Pombe ikiingia, mtunza ghala huyo anaacha funguo mezani na kukimbilia kwenye uzio kupigana na mvamizi. Kazi ya kutengeneza sukari mpya inasimama mpaka pombe iishe, na pombe haiishi kwa haraka yako. Mtu mzima mwenye afya aliyeshiba bugali na maharage hatajua kwamba jambo hilo limetokea. Lakini wewe umemeza glibenklamidi asubuhi, au umejichoma insulini. Dawa haijui kwamba leo ni sherehe. Inaendelea kuivuta sukari chini, na wa kuirudisha juu yuko kwenye uzio. Ndiyo maana sukari inaweza kukuangukia saa nane za usiku, au alfajiri, au kesho yake mchana uko shambani na umeshasahau kwamba ulikunywa. Hatari hiyo hukaa na mtu hadi saa 24.

Anayemeza metformini peke yake asishangilie. Kidonge hicho mara chache hushusha sukari kupita kiasi, lakini kikikutana na pombe nyingi, hasa kwa mtu ambaye figo au ini lake limechoka, damu inaweza kujaa asidi, na hapo mtu huhema kama aliyekimbizwa hali amelala kitandani.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo Lubondja tunaiweza kuliko watu wote: kumlaza mlevi. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, mtu anatoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unapiga mbio. Ikizidi kushuka, ulimi unakuwa mzito, maneno yanagongana, anakasirika bila sababu, anamwita shemeji yake kwa jina la mbuzi, miguu inakataa njia. Nionyeshe basi mtu mmoja atakayemkuta jirani yake katika hali hiyo saa tano usiku, harufu ya rutuku kwenye shati, akasema: huyu sukari imeshuka. Hayupo. Atasema huyu leo amepiga kweli. Atamvuta mpaka kwenye mkeka, atamfunika kitenge, atamwekea ndoo karibu na kichwa, na atakwenda zake akijiona mtu mwema. Na ni mtu mwema. Ila amemlaza mgonjwa aliyekuwa anahitaji vijiko vitatu vya sukari.

Kwa hiyo, kama umeshakata shauri kwamba utakunywa, ujuzi wa kwanza ni kuacha siri. Najua hii inauma. Kuna wanaume hapa wanaoficha dawa ya sukari kwa ustadi ambao hawajawahi kuuonyesha katika kuficha hawara. Lakini mtu mmoja kwenye meza, asiyekunywa au anayekunywa kidogo, lazima ajue mambo mawili: kwamba unameza dawa, na kwamba ukianza kuongea upuuzi asicheke kwanza. Nenda kwa kijana anayechapisha makaratasi Baraka, akuandikie kadi ndogo na kuibana ndani ya plastiki, uiweke kwenye mfuko wa shati: «Nina ugonjwa wa sukari. Nikionekana nimelewa, huenda sukari imeshuka. Kama naweza kumeza, nipeni sukari sasa hivi. Kama siamki, msininyweshe kitu. Nilazeni ubavu, nipelekeni kwa muganga.» Iandikwe Kiswahili. Kifaransa kizuri kwenye kadi hakitamsaidia atakayekuokota njiani saa sita usiku.

Mwenye kukuokota akikuta unajibu na unameza, dawa iko kila mahali: vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu gilasi ya Fanta, ile ya kweli, siyo ya kupunguzwa sukari. Angoje robo saa. Bado unatetemeka? Arudie. Ukishatulia, ule chakula, maana sukari ya haraka huisha haraka na pombe bado ina zamu yake. Ukiwa huamki, asikumiminie kitu kinywani, utakivuta mapafuni. Akugeuze ubavu, akupake asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, kidogo sana, huku wengine wakitafuta pikipiki. Wazungu wana sindano ya glukagoni kwa ajili ya saa kama hizo. Inafanya kazi kwa kumwamuru mtunza ghala atoe akiba. Baada ya pombe ghala huweza kuwa tupu, kwa hiyo hata hao wenye sindano inaweza kuwaangusha. Kitakachokuinua ni glukosi ya kwenye mshipa, na hiyo ina umbali wake, na njia yake, na usiku wake. Unaijua barabara ya Fizi mvua ikinyesha. Unazijua pia habari za usiku za barabara hiyo.

Ndiyo, inatokea kwamba mtu mwenye ugonjwa wa sukari anatembea na sukari mfukoni. Watu watacheka. Waache wacheke.

Baadhi yenu mtajitetea kwa historia, na hapo siwapingi, historia tunayo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuja kuwasaidia wapiganaji wa Laurent Kabila kwenye milima ya Fizi, na njia hii ya Fizi, Lubondja na Lulimba aliipita. Alikuwa daktari kabla ya kuwa jemadari. Katika kumbukumbu zake za Kongo alishangaa kuona, kati ya watu waliokuja kutibiwa, watu waliolewa mpaka kuumwa kwa pombe iliyokenekwa kwa mahindi na mihogo. Mapinduzi yalimshinda, akaondoka Novemba mwaka uleule. Pombe ile haijaondoka mpaka leo, na kama kuna jeshi lililoshinda vita vya Fizi, ni hilo.

Turudi kwenye kiasi, maana kupunguza bila kuhesabu ni sala tu. Chama cha Kisukari cha Marekani husema mwanamke asizidishe kinywaji kimoja kwa siku na mwanaume viwili. Umefurahi. Subiri. Kinywaji kimoja kwao ni gramu 14 za kilevi. Primus yetu ya sentilita 72, yenye kilevi cha asilimia 5 hivi, ina gramu 28. Yaani chupa moja ni vinywaji viwili: mwanaume amemaliza haki yake kabla ya mishikaki kufika, na mama amevuka mpaka akiwa katikati ya chupa. Na ukiliuliza Shirika la Afya Duniani, tangu Januari 2023 jibu lake ni fupi zaidi: hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Hilo usilisome kwa sauti kwenye harusi.

Rutuku haina lebo, kwa hiyo hesabu yake ni ya kukisia. Tuseme nguvu yake ni asilimia 40; gilasi ya sentilita 10 inabeba zaidi ya gramu 31, imeipita Primus nzima. Tena gilasi yenyewe ni moja, inazunguka benchi zima, kila mtu anapiga kidogo na kumpa mwenzake, na baada ya mizunguko kadhaa mwulize yeyote amekunywa kiasi gani: atakujibu kidogo tu. Wote wamekunywa kidogo tu na jerikani imekwisha. Isitoshe, pombe isiyo na lebo huweza kuwa na sumu ya kupofusha macho, na kisukari peke yake kinatosha kuyala macho. Kwa ajili hiyo mwongozo huu, ambao hauna aibu ya kutetea Primus, unakushauri: kama ni lazima, kunywa kitu chenye kizibo. Kizibo kiweke mfukoni. Kikiwa kimoja, nenda nyumbani. Vikiwa viwili, mke wako atavikuta akifua shati, na hesabu itafanyika upya bila wewe.

Kasiksi na maji ya mchikichi ni mafundi wa kugeuka. Asubuhi yakiwa mapya ni matamu, sukari tele na kilevi kidogo; jioni yamechacha, sukari imegeuka kilevi. Basi kinywaji kilekile kinaweza kukupandisha mchana na kukuangusha usiku. Hakuna kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya ratiba hiyo.

Kula kabla, na kula wakati wa kunywa. Bugali na ndakala, maharage, karanga, chochote, lakini siyo ile tabia ya kusema pombe ni chakula. Na usiruke dawa kwa sababu leo utakunywa. Hii ni mbinu maarufu sana, inaonekana ya akili: nisipomeza, sukari haitashuka, kwa hiyo ninywe kwa amani. Anayeishi kwa insulini akiiruka huku anakunywa anaweza kujazwa asidi kwenye damu, akaanza kutapika, na watu watasema ni pombe tu inatoka. Kabla ya kulala pima, kama kipimo kipo na tepe hazijaisha. Chini ya 100, kula kitu kwanza. Kama hakuna kipimo, kula tu, na umwambie mtu akuamshe usiku. Mama atalalamika. Amka.

Kuna wajanja wa insulini waliogundua sababu takatifu ya kwenda buveti: friji. Kijijini friji yenye baridi ya uhakika ni ya mwenye Primus, kwa hiyo dawa inahifadhiwa pale kati ya chupa, na mgonjwa mwaminifu lazima aitembelee asubuhi na jioni. Sipendi kuharibu mpango mzuri namna hii, lakini friji ya bia huweza kugandisha, na insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Tena mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto vya nyumba za wakimbizi Dagahaley, kule Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu zake. Chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini, kinakutosha kwa chupa uliyoifungua. Buveti imebaki bila udhuru wa kidini.

Malaria nayo. Siku unayoumwa malaria hakuna kupunguza, ni kuacha. Malaria kali hula sukari ya damu, kinini hulifinya kongosho lizidi kutoa insulini, dawa yako ya sukari inavuta, na huna hamu ya kula. Ukiongeza rutuku ya kutoa homa kwa jasho, utatoka jasho kweli.

Miguu nitaitaja kwa haraka kwa sababu inahitaji kutajwa tu. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za nyayo. Pombe nayo inaua hisia za nyayo. Na wewe unarudi nyumbani gizani kwa kandambili juu ya mawe. Asubuhi tazama nyayo zako kwa macho, chini, katikati ya vidole. Usingoje zikuume. Hazitauma.

Mjamzito, mwenye ini bovu, aliyewahi kuumwa kongosho, na yule ambaye sukari yake hushuka bila yeye kuhisi dalili, hawa hawamo kabisa katika mwongozo huu: wasinywe. Pombe nyingi ya miaka mingi huliharibu kongosho lenyewe, na wapo walioanza na rutuku wakamalizia na kisukari, siyo kinyume chake.

Imebaki kazi ngumu kuliko zote, nayo siyo ya mwili. Ni kilio, ni mahari, ni mgeni aliyetoka Uvira na kreti. Kukataa pombe mbele ya wakwe ni kama umemkataa binti yao. Zipo njia. Uwe wewe unayewamiminia wengine, hakuna anayehesabu gilasi ya mmiminaji. Shika chupa moja jioni nzima, uongeze maji ukitoka nje. Sema umekatazwa na mchungaji. Mchungaji huheshimiwa kuliko muganga. Zote zikishindwa, yatakuja yale mazungumzo yasiyoepukika.

– Shemeji, unatukataa?

– Siwakatai, shemeji. Nameza dawa.

– Dawa ya nini?

– Ya sukari.

– Ah! Basi kunywa rutuku, hiyo haina sukari.

Hapo usibishane wala usianze habari za ini. Simama, sema unatoka kukojoa. Hakuna anayemshangaa mwenye sukari akitoka kukojoa, hata asiporudi.